Gogo Nyuma ya Gurudumu

Gwata hakuna mlima. Anayeijua Gwata, iwe ya upande wa Kibaha au ya upande wa Kisarawe, anajua kwamba nchi yetu ni ya tambarare na mabonde, ya vichaka, mbuga za udongo mweusi na mashamba ya mihogo. Mlima unatufikia kwa njia ya maji tu. Mto Ruvu unaanzia kwenye milima ya Uluguru, na mvua ikikolea kule juu sisi wa huku chini ndio tunaolipia: mto unafura, mabonde yanajaa, na ule udongo mweusi unalishika gurudumu la gari kama ulimbo unavyomshika ndege.

Kwa hiyo mtoto wa Gwata hujifunza mapema habari za gari lililokwama, lakini habari za gari linalopanda mlima hana wa kumsimulia. Mimi nilikuwa naye mmoja. Alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama, ambaye katika ujana wake alikuwa utingo wa malori yaliyopeleka mafuta Zambia. Vijana wa siku hizi wakisikia neno utingo humfikiria mtu anayening'inia mlangoni akiita abiria. Utingo wa malori ya mbali alikuwa mtu mwingine kabisa, na habari zake hazimo katika vitabu vyetu vya historia.

Mjomba alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sana sisi watoto. Kila gari liliposimama mahali alipo, hata kama ni Land Rover ya bwana shamba iliyosimama penye usawa kama sakafu, yeye alitafuta jiwe au kipande cha gogo akakiweka nyuma ya gurudumu. Dereva akimwambia, "Mzee, hapa hapana mteremko," alijibu, "Mteremko haupigi hodi." Kisha alikaa kivulini, ametulia, kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi ya siku.

Watu wazima katika ukoo wetu hawakumcheka. Wao walikuwa na neno lao juu yake, neno zito, nalo lilihusu mazishi ya bibi yetu. Nitalifikia. Lakini kwanza, ndugu msomaji, turudi nyuma kidogo, maana neno la ukoo wetu limefungamana na neno la nchi nzima.

Zambia ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba 1964. Ni nchi isiyo na pwani. Mali yake kubwa ilikuwa shaba, na shaba ile ilisafirishwa kwa reli iliyopita Rhodesia ya Kusini, iliyokuwa mikononi mwa walowezi, hadi bandari za Msumbiji, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Mafuta ya kuendeshea magari na migodi yaliingia kwa mlango huohuo. Kwa maneno mengine, Kaunda alikuwa na nyumba yake huru, lakini ufunguo wa mlango wa mbele ulikuwa mfukoni mwa jirani asiyempenda.

Tarehe 11 Novemba 1965 jirani huyo, Ian Smith, alijitangazia uhuru wa walowezi wachache. Uingereza haikupeleka askari. Iliweka vikwazo, na mwezi wa Desemba ikatangaza kuzuia mafuta yasiingie Rhodesia. Smith naye akawafungia Wazambia mafuta yaliyokuwa yakipitia kwake. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wake wa kibalozi na Uingereza, kwa kufuata azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na kwa uamuzi huo ikakosa mkopo wa Kiingereza wa pauni milioni 7.5. Nchi maskini ililipa kwa fedha ambayo ilikuwa haijaishika mkononi.

Sasa Zambia ingepata wapi mafuta? Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa kwa miezi kadhaa. Lakini ndege kubeba petroli ni sawa na mtu kubeba maji kwa kijiko. Chombo chenyewe kinakunywa karibu na kile kinachokibeba. Ikabaki njia moja: Bandari ya Dar es Salaam, na barabara inayotoka hapo kwenda Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, na kuendelea hadi Lusaka na miji ya shaba.

Barabara hiyo, katika siku hizo, ilikuwa barabara kwa jina. Lami ya kutoka Dar es Salaam ilikomea Morogoro. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka Tunduma hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000 nyingine. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa udongo na changarawe: wakati wa kiangazi vumbi lisilomwonyesha dereva pua ya gari lake, wakati wa mvua tope lisiloonyesha barabara iko wapi. Wazungu wakaipachika jina la njia ya jehanamu. Madereva wetu wengi waliiita Zambia tu. Ukimwuliza mtu wapi alipo fulani, unajibiwa, "Yuko Zambia," hata kama wakati huo yuko Mikumi anabadili tairi.

Malori ya kila namna yalitafutwa. Wenye malori yao binafsi waliingia, na mwaka 1966 serikali mbili za Zambia na Tanzania zilianzisha kampuni ya pamoja ya usafirishaji kwa kushirikiana na Waitaliano, ikaleta malori makubwa ya Fiat yenye matela. Mjomba alianza kazi kwa mtu binafsi, kwenye lori kuukuu. Alikuwa kijana asiyejua kuandika zaidi ya jina lake, na alikuwa hajapata kuona mlima kwa karibu.

Mlima alioukuta ni Kitonga. Msafiri akitoka Morogoro hupita mbuga ya wanyama ya Mikumi, huteremka hadi bonde la Mto Ruaha, penye joto na mibuyu, halafu ghafla nchi husimama mbele yake kama ukuta. Juu ya ukuta huo ndiko Iringa iliko, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima: mkono mmoja jabali, mkono mwingine korongo. Leo hii, pamoja na lami, abiria wengi wa basi bado hunyamaza wanapofika hapo. Wakati ule barabara ilikuwa ya udongo na nyembamba, na malori yalipishana kwa kuombana.

Mjomba alipenda kutueleza jinsi lori linavyopandishwa, naye alieleza kwa mikono, akikaza vidole kana kwamba ameshika usukani, ingawa maisha yake yote hakupata leseni. Kwanza, alisema, mlima hupandwa chini, kabla hujaanza kuupanda. Lori lilisimama bondeni. Utingo aliongeza maji kwenye rejeta, alipiga tairi moja moja kwa chuma na kusikiliza mlio wake, kisha alipanda juu ya mzigo kukaza kamba. Mzigo wenyewe ulikuwa mapipa ya lita 200, na pipa moja lililojaa petroli lina uzito wa takriban kilo 170. Petroli si jiwe. Hucheza ndani ya pipa. Kamba ikilegea kwenye kona, mapipa hujisogeza upande mmoja, nalo lori hufuata mapipa.

Pili, dereva alichagua gia akiwa bado chini. Magari yale ya zamani gia zake hazikuingia kwa hiari. Ilibidi kukanyaga klachi, kuachia, kuunguruma injini kidogo, kukanyaga tena, ndipo gia ikubali. Mtu akijaribu kubadili gia katikati ya mteremko mkali na ikamkataa, lori hubaki bila gia, mwendo hufa, na ule uzito wote huanza kumwita nyuma. Tela ndilo hutangulia kugeuka. Hujikunja kama kisu cha kukunja na kuliziba bara-bara zima, au kulivuta lori korongoni. Kwa hiyo walipanda kwa gia nzito tangu mwanzo, mwendo wa mtu anayetembea, injini ikinguruma saa nzima bila kupumzika. Kule juu hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi, na maji ya rejeta huchemka mapema kuliko pwani. Hilo si hadithi. Kwenye urefu wa mita 1,500 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100.

Tatu, na hapa ndipo mjomba alipoinua sauti, lori halikupanda bila utingo. Utingo hakukaa ndani. Alitembea nyuma ya lori au alisimama kwenye ngazi ya pembeni, ameshika gogo lililochongwa kama kabari. Macho yake yalikuwa kwenye gurudumu la nyuma, na masikio yake kwenye injini. Injini ilipobadili sauti, kabla dereva hajapiga kelele, alikwisha ruka na kulisukuma gogo chini ya tairi. Lori likipumzika juu ya gogo, wote walipumzika. Likianza tena, alilichomoa akakimbia nalo. Mikono miwili, gogo moja, tani kumi au zaidi za moto uliolala. Mtu akichelewa nukta moja, alisema, hachelewi tena.

Na kuteremka? Watu wengi hudhani kupanda ndiko kugumu. Madereva wa mlimani walikuwa na sheria: teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia. Injini ndiyo ikuzuie, breki ni akiba. Dereva mvivu, au anayetaka kubana mafuta, huweka gia huru akaliachia lori lijiendee lenyewe. Kwa mita mia za kwanza anafurahia upepo. Kisha anakanyaga breki, anakanyaga tena, vyuma vinapata moto, harufu ya kuungua inaingia ndani, na mara mguu unazama bila kukutana na kitu. Mjomba alisema harufu ile aliijua kama mtu anavyojua harufu ya chakula cha nyumbani. Aliisikia zaidi ya mara moja ikipanda kutoka korongoni.

Walikuwa na adabu zao pia. Anayepanda hupewa njia na anayeteremka, kwa sababu aliyesimamishwa katikati ya mlima ni shida kumwanzisha tena. Lori lililokwama halikupitwa hivihivi. Hata wenye haraka walisimama, kwa utu na kwa hesabu: lori moja likiziba njia, wote wamezibwa. Walikata matawi wakatandika chini ya magurudumu, walichimba kwa sepetu, walivutana kwa minyororo. Mzambia, Mtanzania, Msomali, Mhindi, wote walilala chini ya malori yao usiku uleule na kupika ugali kwenye moto mmoja, moto uliowashwa mbali na mapipa.

Sitaki kuwafanya malaika. Mjomba mwenyewe alikataa kuitwa shujaa. Alikwenda Zambia kwa sababu ya mshahara, na mshahara wa utingo ulikuwa mdogo. Alikiri kwamba wapo waliochota petroli kwenye mapipa na kuuza njiani, na wapo waliokunywa pombe kabla ya kupanda mlima ili wapate moyo. Wenye malori nao walikuwa na haraka. Lori likirudi upesi linapakia upesi, na haraka hiyo iliwaua watu waliokuwa hawajui hata sababu ya safari. Alisema, "Habari za Smith tulizisikia redioni kama ninyi. Sisi tulijua mapipa yanatakiwa upande wa pili."

Sasa nimefika kwenye neno la ukoo wetu.

Bibi yetu mzaa mama alifariki mwezi wa Machi 1967, masika yakianza. Mjomba alikuwa mtoto wa kiume pekee. Kwetu hilo lina uzito wake. Mtoto wa kiume ndiye anayetazamiwa kushuka kaburini kumpokea mama yake, na kama hayupo, watu huuliza yuko wapi kabla ya kuuliza marehemu aliugua nini. Simu ya maandishi ilipelekwa kwa mwenye lori mjini Dar es Salaam. Mwenye lori alijibu kwamba gari liko njiani. Mwili haungojei njia. Bibi alizikwa siku ileile, na aliyeshuka kaburini alikuwa mtoto wa jirani.

Siku ya tatu mjomba hakuja. Siku ya saba hakuja. Alifika arobaini imekwisha kusomwa, amekonda, amevaa kaptura iliyoganda tope, mkononi ana blanketi alilomnunulia mama yake Lusaka. Alieleza kwamba walikwama. Mto ulijaa mbele yao, ukajaa mwingine nyuma yao, na walikaa katikati siku nyingi pamoja na malori mengine, wakila unga mkavu ulipokwisha wa kupika. Hakuna aliyemsikiliza. Wazee walisema barabara imemtoa utu. Mama yangu, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alisema jambo moja tu: "Mtu hawezi kukwama mwezi mzima." Blanketi halikupokelewa. Kwa miaka zaidi ya 20 ndugu wawili hao waliishi vijiji jirani, wakasalimiana kwenye misiba na harusi, na wasiulizane hali.

Wakati huohuo nchi ilikuwa ikitafuta njia ya kuwapunguzia wanadamu mzigo ule. Mwaka 1968 bomba la mafuta lilikamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Mafuta yakaanza kupanda mlima peke yake, bila dereva wala utingo. Barabara nayo ilitengenezwa upya na kuwekwa lami, kipande kwa kipande, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 ilikuwa barabara kuu kweli. Malori hayakupungua, yaliendelea kubeba bidhaa nyingine kwenda, na kurudi na mikuo ya shaba. Smith alipofunga mpaka wake na Zambia mwezi wa Januari 1973, na Kaunda akakataa kuutumia tena hata ulipofunguliwa, mzigo uliokuja njia ya Dar es Salaam uliongezeka zaidi.

Halafu ikaja reli. Mataifa ya Magharibi yalikwisha sema kwamba reli ya kwenda Zambia haina faida. Wachina walikubali, na mkataba ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na kipande cha kwanza, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilikamilika Novemba 1971. Kipande hicho ndicho kilichopita Kisarawe, kikafika Gwata. Hivyo kazi ile iliyompeleka mjomba mbali na kwao ilikuja yenyewe hadi mlangoni petu. Alikwenda kutazama tuta likijazwa udongo. Aliwauliza mafundi mlima wataupandaje, akaambiwa kwamba reli haipandi kama gari. Itauzunguka na kuutoboa. Baada ya Mlimba, kuelekea Makambako, ndivyo ilivyofanyika, kwa mahandaki na madaraja mengi mfululizo. Reli yote, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976. Mjomba alikuwa amekwisha acha malori, amerudi kwenye mihogo yake, na ile tabia ya gogo amerudi nayo.

Hayo yote niliyajua vipande vipande, kama mtu anavyojua mambo ya nyumbani. Kilichoyaunganisha ni safari moja. Mwezi wa Juni 1994 nilimsindikiza mama yangu Iringa kumtazama mjukuu wake aliyekuwa shuleni huko. Mama alikuwa hajapata kuvuka Morogoro. Basi lilipoondoka Morogoro aliuliza kama tunakaribia. Tulipopita Mikumi aliuliza tena. Jua lilikuwa limegeuka tulipofika bondeni, na nilimwambia kwamba sasa tunapanda Kitonga.

Katikati ya mlima tulisimama. Mbele yetu lori lenye tela lilikuwa limezimika. Kijana mmoja mwembamba, kifua wazi, alikuwa amepiga magoti nyuma ya gurudumu, anasukuma jiwe kwa mikono miwili, na dereva anapiga kelele kutoka dirishani. Lori lilirudi nyuma kidogo, kama shubiri moja, likakaa juu ya jiwe. Kijana alijitupa pembeni. Upande wake wa kushoto palikuwa na korongo, na chini kabisa, kati ya miti, palionekana kitu chekundu kilichokunjamana, ambacho zamani kilikuwa gari.

Mama alitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ndiyo kazi yenyewe hii?"

Nikamwambia ndiyo, ila wakati ule hapakuwa na lami.

"Na Zambia ni hapo juu?"

Nikamweleza kwamba hapo juu ni Iringa, halafu kuna Makambako, halafu Mbeya, halafu Tunduma, na kwamba Tunduma ukiwa umefika ndiyo kwanza nusu ya safari ya Lusaka. Hakusema neno mpaka tulipofika mjini. Usiku, alipokuwa anakunja khanga yake, alisema kama anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe alikuwa mbali hivyo. Mimi nilidhani Zambia ni kama Morogoro."

Tuliporudi Gwata alichukua kuku mmoja na mchele akaenda kwa kaka yake. Sikuwasikia wakiombana msamaha, na sidhani kama waliombana. Walikula pamoja. Mjomba alipokuja kwetu wiki iliyofuata, alipewa kiti cha kulia, pale anapokaa mkubwa. Wote wawili sasa ni marehemu, nao wamelala karibu na mama yao.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale ya mama. Miaka zaidi ya 20 ya uchungu katika nyumba yetu ilitokana na kutojua umbali. Hakuna aliyemwambia mwanamke wa Gwata kwamba ndugu yake amepelekwa kwenye kazi ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, kwamba kazi hiyo ina mlima, na mlima huo una mvua. Redio ilitangaza maazimio na mikutano. Haikutangaza kwamba mafuta yale yanasukumwa kwa gogo na mtoto wa fulani.

Hatuna desturi ya kuwasahau wabebaji wote. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata kama wengi wanaonunua vitunguu pale hawajui, jina limebaki. Wachina waliokufa wakijenga reli, ambao ni zaidi ya 60, wana makaburi yao yaliyotunzwa huko Gongo la Mboto, na wageni wakubwa huenda kuweka mashada. Ni haki yao. Lakini madereva na matingo wa mapipa ya Zambia hawana mtaa wala jiwe. Waliotumbukia makorongoni walizikwa waliko, mara nyingi na watu wasiojua majina ya mama zao. Zimbabwe ilipopata uhuru tarehe 18 Aprili 1980, sijui kama yuko aliyewakumbuka. Mjomba siku hiyo alikuwa anapalilia.

Siku hizi malori yamekuja karibu zaidi na sisi. Bandari kavu ya Kwala iko hapahapa wilayani Kibaha, na treni mpya ya kwenda Morogoro na Dodoma inapita kwa kasi ambayo wazee wetu wangeiita uchawi. Vijana wetu wanatafuta kazi kwenye malori ya kwenda Zambia na Kongo, kama mjomba alivyotafuta. Lami ipo, breki ni bora, na simu iko mfukoni. Mama akifariki kijana atajua siku ileile, ingawa kujua si kufika. Mlima haujapungua urefu. Kila mwaka Kitonga inachukua watu, na mara nyingi sababu ni zile zile alizonieleza mzee asiyejua kusoma: haraka, gia huru, na kuamini breki kuliko injini.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa ukoo wetu mambo mawili. Mkiwa barabarani, wekeni jiwe nyuma ya gurudumu hata penye usawa, na anayecheka acheke. Na mkiwa nyumbani, mkisikia wazee wakisimulia mazishi ya bibi ya mwaka 1967, na yule mtoto wa kiume ambaye hakufika, ongezeni na haya: kwamba alikuwa nyuma ya lori, kati ya mito miwili iliyojaa, na njia ya kurudi ilikuwa haipo. Asiyejua umbali wa safari asimhukumu aliyechelewa.